Pima udongo kwanza: namna tulivyoanza bustani ya pamoja hapa Liège



Tangu niwaonyeshe picha ya lengalenga yetu mwezi wa saba, maswali hayaishi. Kuko walio Lille, kuko walio Montréal, kuko mmoja aliye Kampala. "Yaya, kiwanja mulikipata namna gani? Komini iliwapa bure? Mbegu mulitoa wapi?" Mwingine aliniuliza kwa kucheka kama niliacha diplome yangu ya uchumi ya UNILU ili nije kulima Bulaya. Huyo nimjibu haraka. Kifungu cha lengalenga kilichopanda ndege kinauzwa hapa kwa bei ya kumfanya mwanafunzi akishike, akirudishe, halafu aende kununua makaroni. Na wengine wetu tulikuwa tumekaa hapa miaka miwili bila jirani hata mmoja wa kumwambia bonjour. Basi, sababu ni hizo mbili.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Nitawaeleza pia kosa langu, na ni kosa kubwa, juu wote mnauliza mbegu na kiwanja, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za udongo. Mimi pia sikuuliza.

Hapa Ulaya kuko bustani za aina mbili, na ukienda kuomba bila kujua tofauti utapoteza mwaka mzima. Ya kwanza ni kiwanja cha mtu mmoja mmoja. Unaandikisha jina, unangoja zamu, siku moja mzee fulani anachoka au anahama, unapewa kipande chako na ufunguo wa lango. Wanaziita bustani za wafanyakazi. Ufaransa, padri Jules Lemire, aliyekuwa pia mbunge, alianzisha chama cha kuzieneza mwaka 1896, na Ubelgiji nayo ikawa na za kwake. Wazo lilikuwa kwamba familia ya mfanyakazi wa kiwanda ipate mboga yake, na baba asimalizie mshahara kwenye baa. Aina ya pili ni bustani ya pamoja: kikundi kinapewa ardhi moja, kinagawana kazi na mavuno kama kinavyopatana. Kwa mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa cha mwaka mmoja mmoja, hii ya pili ndiyo inafaa. Ile ya kwanza unaweza kungoja zamu mpaka ukatetea mémoire yako na kurudi nyumbani.

Sisi tulikuwa saba: Wakongomani wanne, Mrundi mmoja, mama mmoja wa Bukavu ambaye ni mwuguzi na ana mtoto mdogo, na madame mmoja Mbelgiji, mwalimu wa zamani aliye kwenye pensheni, anayekaa kwenye barabara hiyo hiyo. (Ndiyo, mama wa Bukavu ni Mkongomani pia, lakini yeye alisema hayumo katika hesabu ya wanafunzi, ana kazi.) Huyu madame ndiye aliyetufungulia njia. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ya aibu: tuliandika kwamba "tunaomba ardhi ya kulima", bila kusema ardhi ipi, kwa muda gani, na nani atalipa bima. Yeye alitukalisha jikoni kwake akatufanya tuandike upya: namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye ramani ya kadastri, majina ya watu, nini tutapanda, maji yatatoka wapi, na majirani 11 waliotia sahihi kwamba hawana ubishi. Zile sahihi 11 tulizitafuta nyumba kwa nyumba jioni mbili. Kusema kweli, ile kazi ya kupiga hodi ndiyo ilinifundisha mtaa. Kabla ya hapo nilikuwa najua kituo cha bisi na duka tu.

Mkataba tuliopewa ni wa kutumia kwa muda. Maana yake mwenye ardhi anaweza kuirudisha akiihitaji, akitoa taarifa mapema kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo usijenge kitu cha sementi, na usipande miti ya matunda ukitegemea wajukuu. Bima ya kulipia madhara kwa watu wengine ni lazima, mtoto wa jirani akianguka kwenye ngazi za mawe ni ninyi mtaulizwa. Kuhusu chama: hamuhitaji kuanza na asbl. Mnaweza kuanza kama kikundi cha kawaida chenye karatasi moja ya sheria na mtunza hazina mwaminifu. Baadaye mkitaka kufungua konti ya benki kwa jina la kikundi au kuomba msaada, mnaandikisha. Hapa Ubelgiji tangu sheria mpya ya 2019 watu wawili wanatosha kuanzisha asbl. Kwetu tunajua asbl kuwa kitu chenye bango kubwa na jeep nyeupe, na sheria yetu ya tarehe 20 Julai 2001 ina safari yake ya kupitia wizara. Hapa ni makaratasi machache. Lakini msiuze mboga, hasa ninyi wenye kibali cha masomo. Kugawana na kualika watu kula, hakuna shida. Ukianza kuweka bei, umeingia mambo ya kazi na ya kodi, na masaa ya kazi ya mwanafunzi wa kigeni hapa yanahesabiwa: 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Tulipewa kiwanja mwezi wa pili. Kiko kwenye mteremko, upande wa kushoto wa mto Meuse, ngazi-ngazi zilizoshikwa na kuta za mawe. Zamani kulikuwa miti ya matunda, sisi tulikuta miiba imepanda mpaka kifuani. Tulikata miiba Jumamosi tatu. Udongo ulipotokea ulikuwa mweusi, mzuri, wenye minyoo, na sisi watoto wa udongo mwekundu tuliushika mikononi tukafurahi kama watu waliookota pesa.

Sasa kosa langu. Barua ya komini iliyotuletea mkataba ilikuwa na mstari mmoja unaoshauri udongo upimwe maabara kabla ya kupanda chochote cha kula. Mimi nilikuwa katibu. Niliusoma. Niliona bei ya kipimo, nikaona kotizasioni tuliyokusanya, nikasema moyoni: udongo mweusi namna hii una ubaya gani? Tununue majembe kwanza, kipimo tutafanya baadaye. Sikuwaambia wenzangu.

Tulipanda figili, spinachi na saladi mwezi wa tatu. Mwezi wa tano tulikuwa tunakula. Mtoto wa mama wa Bukavu, wa miaka mitatu, alikuwa anakuja kila Jumamosi. Alichimba, alijipaka, alitia vidole kinywani kama watoto wote. Tuna picha zake nyingi za wakati ule, na mpaka leo sipendi kuzitazama.

Aliyetushtua ni mzee mmoja Mwitaliano anayelima kiwanja cha jirani. Baba yake alikuja kuchimba makaa ya mawe hapa baada ya Italia na Ubelgiji kupatana mwaka 1946, wafanyakazi kwa makaa. Sisi tunamwita Papa, yeye anatuita "les jeunes". Siku moja alituona tunakula figili palepale shambani, tumezifuta kwa suruali tu. Akauliza: "Mmepima?" Nikasema bado. Akaonyesha chini bondeni kwa kidole, bila kusema neno.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Liège ni mji wa chuma na zinki kabla haujawa mji wa chuo kikuu. Ni hapa mtu aitwaye Jean-Jacques Daniel Dony alipata njia ya kutoa zinki kwenye mawe ya madini kwa wingi, na Napoleon akampa hati ya uvumbuzi mwaka 1810. Kwa zaidi ya miaka mia moja tanuru za bondeni zilitoa moshi, na moshi wa zinki hausafiri peke yake: unabeba risasi (ile madini, si ya bunduki) na kadmiumu. Moshi unapanda, unapoa, vumbi linaanguka kwenye bustani za watu. Tanuru zikafungwa, moshi ukaisha, watu wakasahau. Madini hayakwenda popote. Mbolea ya ng'ombe inaoza, majani yanaoza, hata dawa nyingi za wadudu zinaisha nguvu na miaka, lakini risasi haiozi. Inakaa kwenye zile sentimita 20 au 30 za juu, mahali hasa unapolima. Udongo wenyewe hauonyeshi kitu. Unaweza kuwa mweusi na wenye minyoo, na bado.

Namna ya kupima, muishike vizuri, juu watu wanakosea hapa. Usichukue udongo mahali pamoja. Tembea kiwanja chote kwa kupinda-pinda, chimba mara 10 au 15 mpaka sentimita 20 hivi, kila mahali chukua kiasi kilekile. Changanya vyote kwenye ndoo ya plastiki. Nasema plastiki: sisi tulianza na ndoo nzuri ya bati ya madame, na yule mzee akatuzuia, juu ile ndoo imepakwa zinki na ingetudanganya. Toa mawe na mizizi, acha ikauke kivulini, peleka kama nusu kilo. Kama kuko sehemu iliyokuwa na kibanda cha zamani, au mahali watu walikuwa wanachoma takataka, hiyo ipime peke yake. Na uombe kwa jina: risasi, kadmiumu, zinki, shaba, arseniki, pamoja na asidi ya udongo. Kipimo cha kawaida cha wakulima kinakuambia tu mbolea gani inakosa. Hicho hakitakusaidia.

Majibu yalifika mwezi wa sita. Risasi: miligramu 410 kwa kilo. Udongo ambao haukuguswa na viwanda mara nyingi una kati ya 10 na 50. Kadmiumu nayo ilikuwa juu. Ilibidi nisome matokeo mbele ya wote, na ilibidi niseme kwamba ule mstari wa barua niliuona tangu mwezi wa pili.

Mama wa Bukavu hakupiga kelele. Alichukua mtoto, akamnawisha mikono kwenye bomba muda mrefu, akaenda. Kesho yake mtoto alitolewa damu. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto mdogo kwa kiasi ambacho mtu mzima hata hakisikii, na yeye kama mwuguzi alijua hayo kuliko sisi wote. Majibu ya damu yalichukua siku 9. Yalikuwa mazuri. Aliniandikia maneno mawili: "Ni mzima." Miezi mitatu iliyofuata hakunisalimia, na sikuwa na la kusema.

Wengine walitaka tuache kila kitu. Madame alikataa, akasema kiwanja cha namna hii mjini Liège ni kitu cha kawaida, lazima kijulikane tu kinalimwa namna gani. Na hapo nilianza kuelewa kwamba mboga zote haziko sawa. Risasi haipendi kupanda ndani ya mmea. Hatari yake kubwa ni vumbi: udongo ulioshika kwenye mizizi, kwenye majani ya chini, kwenye viatu, kwenye kucha. Kwa hiyo figili na karoti ni mbaya, majani yanayolala chini ni mabaya, lakini nyanya, maharagi na maboga, ambayo tunakula matunda yake juu kabisa, yana hatari ndogo. Kadmiumu ni jambazi la aina nyingine. Yenyewe inapandishwa na mizizi mpaka ndani ya jani, hata uoshe mara kumi haitoki. Spinachi inaipenda. Lengalenga nayo, samahani kuwaambia, ni mmoja wa mimea inayoivuta. Udongo ukiwa na asidi ndiyo mmea unaivuta zaidi, kwa hiyo chokaa na komposti nyingi vinasaidia kupunguza, lakini kupunguza si kumaliza.

Tulichofanya: ngazi ya juu tulijenga masanduku ya mbao, urefu wa kwenda juu sentimita 40. Chini tulitandika kitambaa kizito kinachopitisha maji lakini mizizi haipiti. Tulijaza udongo safi wenye karatasi ya kipimo, pamoja na komposti. Hapo ndipo yanapokaa majani yote na mizizi yote. Ngazi ya kati, kwenye udongo wa zamani uliotiwa chokaa, tunapanda maharagi, mahindi, nyanya na maboga. Vijia vyote vimefunikwa na vipande vya mbao ili vumbi lisiruke. Ngazi ya chini ni maua tu na nyasi. Kuko bomba mlangoni na kila mtu ananawa kabla ya kutoka, viatu vya shambani vinabaki shambani. Mbao tulipata kutoka kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa, lakini angalia isiwe mbao ya zamani iliyopakwa rangi, juu rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, utakuwa umezunguka na kurudi palepale.

Mama wa Bukavu alirudi mwezi wa tisa, masanduku yalipokwisha. Alisoma karatasi ya udongo mpya mstari kwa mstari, kisha akaomba sanduku moja awe mwenyewe wa kulisimamia. Sasa yeye ndiye katibu. Ni sawa hivyo.

Haya, mbegu na majira, juu najua ndiyo mnangojea. Kule Lubumbashi mwaka unagawanywa na maji. Tunangoja mvua mwezi wa kumi na moja, tunapanda, inaisha karibu na mwezi wa nne. Joto halitusumbui sana, na urefu wa siku karibu hatuuoni, kama masaa 12 mwaka mzima. Hapa ni kinyume. Mvua iko kila mwezi, anayeamua ni joto na mwanga. Mwezi wa sita jua linakaa zaidi ya masaa 16, mwezi wa kumi na mbili ni kama masaa 8. Sisi tuliona mvua mwezi wa tatu, tukasema basi, majira yamefika, tukamwaga mbegu ya lengalenga nje. Hakuna hata moja iliyoota. Udongo ulikuwa baridi sana kwao. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Hapa wanangoja "watakatifu wa barafu", tarehe 11, 12 na 13 mwezi wa tano, sikukuu za Mamert, Pancrace na Servais. Huyu Servais ndiye askofu wa Tongeren, karibu tu na hapa. Mkulima wa Liège, awe anasali au hasali, hatoi nyanya nje kabla ya siku hizo kupita, juu usiku mmoja wa baridi ya kugandisha unamaliza kila kitu.

Kwa hiyo lengalenga tunaiotesha ndani, dirishani, mwezi wa nne, ndani ya vikopo vya yaourt. Tunaitoa nje katikati ya mwezi wa tano. Ikishashika joto la mwezi wa saba, inaenda mbio kuliko nyumbani, unakata leo, wiki ijayo unakata tena. Ngai-ngai inatoa majani vizuri, ila usingoje maua, juu inataka siku zifupike ndipo ichanue, na siku zikifupika hapa baridi iko mlangoni. Matembele tunayapata ndani ya nyumba ya plastiki, majani mengi, viazi vyembamba kama vidole. Maharagi hayana shida. Sombe, sahau. Tulijaribu kijiti kimoja cha muhogo kwenye ndoo, kiliishi mpaka mwezi wa kumi, tukakizika kwa heshima.

Na msipitishe mbegu kwenye mizigo. Binamu yangu alinibebea mbegu za mama zilizofungwa vizuri kwenye karatasi ya daftari, zikatupwa uwanja wa ndege mbele ya macho yake. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea na mbegu zinazoingia, hata kwa msafiri wa kawaida. Matunda yasiyodaiwa ni matano tu: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Lengalenga inauzwa hapa kwenye maduka ya mbegu, wakati mwingine iko upande wa maua, juu wao wanaipanda kwa urembo. Chagua ya kula, yenye majani mapana.

Maji, nitasema machache: tanki la litre 1000 lililozungushiwa vyuma, la zamani, ambalo tuliulizia kwanza lilikuwa limebeba nini (juisi), na bomba la kushusha mvua kutoka paa la madame. Ugomvi wetu mkubwa wote ulikuwa wa maji, mwezi wa nane, wakati wengine wako likizo na wengine wako na mitihani ya sesheni ya pili. "Nitafika" si jina la mtu. Sasa kuko kalenda mlangoni na jina la mtu kwa kila siku, akikosa analipa kwa kung'oa miiba ya ngazi ya chini.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuko simu moja niliyopiga mwezi wa sita ule, siku majibu yalipofika, na nadhani wenye kutoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi mnajua tayari inaelekea wapi. Nilimpigia mama ili anitulize roho.

"Mutoto wangu," aliniuliza, "udongo ya kule iko mugonjwa?"

"Ndiyo mama. Huku banapimaka udongo sawa vile banapimaka damu. Ya kwetu iko na madini mubaya."

"Madini? Kuko mine kule?"

"Hapana. Kulikuwaka ba usine ya zamani. Moshi ilikuwa inaangukaka mu bustani."

Akanyamaza. Halafu: "Na huku kwetu?"

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu. Sisi wote tumekua tukiona bomba lake refu na ule mlima mweusi wa mabaki, tumeupiga picha, umechorwa kwenye kalenda. Wataalamu wa kitivo cha kilimo cha UNILU wamepima mboga za majani za masoko ya mji na kukuta shaba, kobalti, risasi na kadmiumu. Mwaka 2009 wenzao wa UNILU na wa KU Leuven walitoa utafiti wa mkojo wa watu wa Katanga, wakaonyesha kwamba wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda wana kobalti nyingi zaidi mwilini. Nilisoma yote hayo hapa Liège, usiku ule, ndani ya chumba changu. Nilimaliza miaka mitano UNILU bila kuingia hata siku moja kwenye jengo la agronomia kuuliza.

Bustani ya mama iko nyuma ya nyumba, upande ule ambako upepo ulikuwa unapeleka moshi. Ameuza lengalenga ya pale sokoni tangu niko shule ya msingi. Minervali yangu yote ilitoka pale.

Nilimweleza habari ya ndoo ya plastiki. Alichimba mahali 12, akakausha kivulini, mdogo wangu akapeleka mfuko kitivo. Majibu bado hayajatoka. Kwa sasa ameacha kuuza majani, ila mama hakuacha bila kunigombeza: "Bakiliya yangu nitabaambia nini? Asema mwana yangu wa Bulaya amekataza?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia aseme anabadilisha udongo. Anaendelea na ndizi, na maji ya kunawa ameyaweka mlangoni kwa ajili ya wajukuu.

Jumapili iliyopita aliniuliza yale masanduku yetu yanakwenda juu kiasi gani. Nikasema sentimita 40, na mbao iwe safi. Akasema mbao ni bei kali, lakini matofali ya ile nyumba ndogo ambayo papa hakuimaliza yangali pale, atahesabu kama yanatosha masanduku mawili au matatu.